Sare ya Kete Saba

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Athi River. Rafiki yangu alikuwa fundi umeme, mtu wa familia ya Waislamu wa Machakos mjini, na kila saa ya chakula tulicheza sataranji. Ijumaa moja zilibaki kete saba ubaoni: wafalme wawili, ngome mbili, askari wangu wawili na wake mmoja. Akaninyooshea mkono.

"Hii ni sare, ndugu yangu."

"Bado niko na askari mmoja zaidi," nikamjibu. "Tutamaliza Jumatatu."

Jumamosi moyo wake ulisimama, akazikwa jioni hiyo hiyo. Mimi nilikuwa Katangi kwa mama, tukivuna mbaazi. Habari nilizipata Jumatatu getini. Sikulia. Nilitoa glavu na boliti kama kawaida. Mchana nikachora ule ubao kwenye karatasi, kisha nikazikusanya kete.

Dada yangu mkubwa alifundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini, na alikuwa na programu ya sataranji. Nikampelekea karatasi. Aliniambia kwamba kwenye diski yake kulikuwa na majibu ya kila hali yenye kete tano au chini, yaliyokwisha kupatikana: nani anashinda, au ni sare. Zetu zilikuwa saba, kwa hiyo mashine ilibidi ijaribu njia moja baada ya nyingine. Njia yoyote iliposhuka hadi kete tano, iliacha kupiga hesabu ikasoma jibu kwenye diski.

Tulikaa tukiisikiliza diski ikivuma na kunyamaza. Mwanzoni skrini ilionyesha ninaongoza kidogo. Baadaye ikaonyesha sufuri, ikabaki hapo. Dada akasema mashine haiwezi kuapa, maana kete ni saba, ila kila nilipojaribu kushinda, rafiki yangu alikuwa na njia ya kufika kwenye sare.

Nilingoja nisikie kitu ndani yangu. Sikusikia. Nikamshukuru, nikanywa chai aliyonimiminia.

Wiki iliyofuata nilimpelekea mjane wa rafiki yangu ule ubao. Aliuliza nani alishinda.

"Hakuna, shemeji. Alisema ni sare, na alisema kweli."

Akauweka juu ya kabati, akauliza kama nimekula. Nikasema ndiyo, ingawa sikuwa nimekula.