Aliyefunika Ombi la Damu kwa Vitenge

Jamani, leo nina hasira.

Asubuhi mdogo wangu Neema alijifungua, damu ikamtoka sana. Hospitalini wakasema tutafute mtu mwenye damu ya O. Nikaandika kwenye kundi letu la majirani hapa Tunduma.

Papo hapo mwenye duka la vitenge akamwaga picha za mzigo wake mpya. Picha arobaini! Ombi langu likapotelea huko juu.

Nikamwandikia, "Kaka, naomba usubiri kidogo, nina mgonjwa mahututi."

Akajibu, "Pole dada. Kila mtu anatafuta riziki."

Akaendelea kutuma.

Shemeji, mume wa Neema, akavuka mpaka kwenda Nakonde kumleta binamu yake, ndiye aliyetoa damu. Saa nane mwalimu anayekaa nyuma ya hospitali akanipigia.

"Mimi ni O, dada. Nilifungua kundi asubuhi, nikaona vitenge tu."

Neema yuko hai, ila hana nguvu hata ya kumshika mwanawe.

Nikaandika kundini kuwashukuru waliotuombea. Yule kaka akajibu, "Hongera! Vitenge vya kubebea mtoto vipo, wanakundi nawapunguzia."

Watu wanne wakamuuliza bei.

Nimetoka kwenye kundi. Wewe ungebaki?