Nusu ya kikwembe niliyoitoa kwenye sanduku la mume wangu

Admin, naomba ufiche jina langu na jina la kanisa langu, maana Kalemie ni ndogo na watu wa hapa wanapenda kuunganisha mambo. Mimi ni mjane wa miaka sabini na mitatu. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, sitaki mtu yeyote wa nyumbani ajue.

Mume wangu alifariki wakati wa Zaire, nikiwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa akifanya kazi bandarini, homa ikamchukua kwa siku tatu. Vijana hamjui, lakini miaka ile serikali ilitukataza majina ya ubatizo. Hata kwenye msalaba wa kaburi hukuruhusiwa kuandika Yohana wala Paulo. Akina mama wa kanisa letu wakaingiwa na wasiwasi: mbinguni tutatambuana vipi, kama hata majina tumenyang'anywa? Wakaanzisha desturi yao. Mume akifa, mke anararua katikati kikwembe chake, kitenge cha kwendea kanisani. Nusu inawekwa kifuani kwa marehemu, nusu anaitunza mpaka naye azikwe nayo. Mchungaji alikuwa akigomba, akisema Petro aliwatambua Musa na Eliya mlimani bila kuonyeshwa kitambaa. Akina mama wakaitikia amina, wakaendelea kurarua.

Asubuhi ya mazishi waliniacha peke yangu na sanduku ili niweke nusu yangu. Nilipoinua mkono wa mume wangu nikakuta tayari kuna nusu nyingine chini yake. Ya kijani, yenye ndege wa manjano. Haikuwa ya nyumbani kwangu. Tena ilikuwa imechujuka kabisa, nikajiambia hawa hawakuanza jana. Ndugu zangu, machozi yalinikauka palepale. Nilimwambia maiti, "Kumbe kuna mwingine utamungojea huko?" Nikaichomoa ile nusu, nikaifunga kiunoni ndani ya nguo zangu, nikaweka yangu, nikatoka.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni. Alikuwa amefika na boti kutoka Moba kuja kumzika kifungua mimba wake. Akanishika mkono: "Mama, ulimuona mutoto wangu? Vitu vyake viko paka palepale?"

Nikamjibu, "Viko."

Swali lile nililigeuza kichwani kwa miaka. Kwa nini aulize habari za vitu? Nikaamua kwamba anamjua huyo mwanamke na anamfichia. Alirudi Moba, sikwenda kumsalimia hata mara moja, na alipofariki nilisema ninaumwa mgongo.

Kanisani sikusikia tena mahubiri. Kazi yangu ilikuwa kukagua vikwembe vya watu. Kwenye matanga, sokoni, hata kwenye kamba za majirani za kuanikia nguo. Aliyenisalimu sana nilimshuku, aliyenisalimu kidogo nilimshuku zaidi. Mwishowe nikatua kwa rafiki yangu wa kwaya, nitamwita Feza. Ushahidi wangu ulikuwa nini? Kwamba siku ya mazishi alilia kunishinda mimi mwenye mume, na kwamba niliwahi kumwona na nguo ya kijani. Niliwanong'oneza mama wawili, na kwa kanisa letu wawili wanatosha. Akatolewa kwenye kwaya. Alikuja kwangu mchana kweupe, akasimama uani: "Mama, niambie kosa yangu ni nini."

Nikamwambia, "Wee mwenyewe njo unajua."

Akahamia Nyunzu kwa kaka yake. Hatujaonana tena.

Mwezi uliopita mdogo wake mume wangu, mwanamke mtu mzima sasa, alikuja kunitembelea kutoka Moba. Tulikuwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, tunakumbuka ya zamani. Akasema hivihivi tu, "Yaya, dada yangu, mama tulimuzika na nusu ya kikwembe yake, ile alikuwa anamubebea kaka mugongoni. Nusu ingine njo ile aliweka kwa kaka."

Nikamuuliza ni kikwembe gani.

"Ya kijani, ya ndege. Alikuja nayo amejifunga kiunoni. Alisikia wamama wa kanisa yenu wanaeleza ile desturi yenu, akairarua. Aliingia pale kabla yako. Hakusema kwa mutu, alisema ile ni mambo ya bibi na bwana, mutamucheka."

Nilimtazama usoni nikitafuta uongo. Haki ya Mungu niliutamani ule uongo, lakini haukuwepo. Kitambaa kilichujuka kwa jua na mkojo wa mtoto, mimi nikaona ndani yake mwanamke. Kiko chini ya godoro langu hadi leo, pamoja na nusu yangu.

Mchungaji wetu wa sasa nilimuuliza kwa kuzunguka. Akasema mbinguni tutatambuana kwa nuru ya Bwana, kitambaa si kitu. Simwamini sana. Ni kijana, hajazika wake, na alijibu haraka mno. Na hata kama anasema kweli, Feza yuko hai Nyunzu, nimesikia miguu inamsumbua, na jina nililomharibia halijarudi. Mimi nami daktari amesema moyo wangu umechoka.

Ninyi msionijua, nishaurini. Nimtafute Feza, nimwambie kwamba nilimfukuza kwa sababu ya kitambaa cha kubebea mtoto? Niwaagize wanangu wanizike na nusu zote mbili, nimpelekee mume wangu ile ya mama yake? Hapo ndipo ninapotetemeka. Miaka yote hii niliogopa kwamba mume wangu hatanitambua. Sasa ninaogopa kwamba mama yake atanitambua. Naona kabisa amekaa mlangoni kama siku ile, atanishika mkono, ataniuliza kama vitu vya mwanawe viko palepale. Nitamjibu nini?