Kidole Changu kwenye Mstari wa Susu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka siwezi kukaa kitako. Hata sasa, magoti yenyewe yakiwa hayataki, nitasimama, nitaenda dirishani, nitarudi, nitashika kikombe cha chai nisinywe. Wajukuu wangu wamezoea. Wanasema, "Shosho ameanza," halafu wanasogea karibu, kwa sababu wanajua sianzi bure.

Sikuwa nimefika miaka thelathini. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya chekechea ya kanisa letu pale mtaani Ziwani, na nilikuwa mtu wa mbio. Nilikula nimesimama. Nilisali nikiwa nimeshavaa viatu. Mume wangu alikuwa dereva, lakini mtaratibu kuliko gari lake, na alizoea kuniambia, "Wambui, dunia haiendi popote." Nami nilimjibu kwamba ndiyo maana lazima mtu aisukume.

Watoto wetu hamsini na mmoja walisomea katika ukumbi wa kukodi, na mwenye ukumbi alikuwa ametuambia ikifika Januari tuwe tumetoka. Kanisa likahangaika, likaruhusiwa kutumia Nyumba ya Mawe. Ndivyo tulivyoiita ile nyumba kuukuu ya vigae vyekundu iliyokuwa mwisho wa mtaa, iliyojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya mzungu aliyesimamia nyumba za wafanyakazi. Vyumba vyake vilikuwa vichache na vyenye giza, lakini uwanja wake ulikuwa mpana, umezungukwa na kayaba, ile miti ya miiba ambayo hata mbuzi huiheshimu. Wengine waliona uwanja. Mimi niliona madarasa mawili na vyoo, na watoto wangu wamekaa ndani.

Tatizo ni kwamba nyumba ile ilikuwa imelindwa na sheria. Huwezi kung'oa jiwe, kukata mti wala kuchimba shimo uwanjani bila idhini ya ofisi ya majengo ya kale. Basi nikaenda na michoro yangu. Nilipokewa na Bwana Mwakio, afisa mzee wa sauti ya chini, aliyesoma kila ukurasa kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Alipomaliza alinipa fomu.

"Majirani wanaopakana na uwanja ni nyumba sita," akasema. "Kila mmoja aelezwe mtachimba wapi na mtakata nini. Halafu aweke sahihi au kidole."

"Na akikataa?"

"Tutataka kujua kwa nini. Mwalimu, karatasi hii si ya kukusanyia ndiyo. Ni ya kuulizia."

Niliitikia kwa kichwa huku macho yangu yako kwenye saa ya ukutani. Kamati yao ilikuwa inakaa Ijumaa, na anayeikosa angoje miezi mitatu. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Maneno ya mzee yalinipita kama upepo wa Julai, ambao baridi yake unaisikia baadaye ukiwa umeshalala na homa.

Nyumba tano nilizimaliza jioni moja. Watu walikuwa wanapika, watoto wanalia. Niliingia, nikaeleza nusu, nikatoa kalamu, nikatoka. Ikabaki ya sita, nyumba ya Susu Kavata.

Susu ni nyanya kwa Kikamba, na mtaa mzima, Mkamba na asiye Mkamba, ulimwita hivyo. Alikuwa mjane, aliuza maharagwe na ndengu kwa kikopo, na aliishi katika chumba cha watumishi wa zamani, nyuma kabisa ya Nyumba ya Mawe. Mlango wake wa nyuma ulitokea uwanjani. Kila asubuhi alitoka na ufagio, akafagia kipande kimoja cha ardhi kando ya kayaba, mahali ambapo hapakuwa pake wala hapakuwa na uchafu. Tulidhani ni uzee. Kitanda usichokilalia, mwanangu, hujui kunguni wake.

"Karibu, Mwalimu," aliniambia Jumanne nilipofika. Akanipa kigoda. Sikukaa.

Nikamweleza habari za madarasa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni jambo zuri. Watoto wasome. Sasa utachimba wapi?"

"Uwanjani tu, Susu. Si mbali."

"Uwanja ni mkubwa. Njoo kesho asubuhi tutembee wote, unionyeshe kwa mguu. Nikishaona, nitaweka kidole."

Ingenigharimu nini, mwanangu? Robo saa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi mgongo wangu ulikataa kuinama. Jumatano nilikuwa na mkutano wa wazazi. Alhamisi nikachelewa kuamka, nikasema nitapita jioni, na jioni nikapata seremala ananingoja na habari za madawati. Ijumaa asubuhi nilikuwa kituo cha magari, fomu mkononi, mstari wa sita mtupu. Nikafungua mkoba. Nilikuwa na kile kidau cha wino tulichokitumia shuleni kupigia muhuri vitabu. Nikajiambia: ameshasema ni jambo zuri. Ameshakubali, kilichobaki ni kutembea tu. Nikageukia ukuta, nikachovya kidole gumba changu, nikakigandamiza juu ya jina la Kavata.

Siku mbili wino haukutoka. Nilisugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jivu. Mume wangu aliniuliza kwa nini nakula nimekunja mkono. Nikamwambia nimeungua.

Idhini ilitoka. Wazazi walishangilia, mchungaji akaniita mbele ya kanisa nikapigiwa makofi, nami nikatabasamu. Usiniulize kwa nini sikwenda kwa Susu hata wakati huo. Nilimkwepa. Nikimwona njiani nilivuka upande wa pili. Ajabu ya uongo ni hiyo: wewe ndiye uliyemkosea mtu, na bado wewe ndiye unayemwona kama adui.

Mafundi walianza Jumatatu. Mkubwa wao aliitwa Karis, kijana wa Buruburu, mwenye maneno mengi na mkono mwepesi. Kufika saa tatu walikuwa wamekata kayaba ya upande wa Susu na kuchimba msingi mrefu wa kufika magotini. Nilikuwa nimesimama pale nikihesabu hatua, nikiwaharakisha, ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa na Susu akatoka na ufagio wake.

Hakupiga kelele. Alitazama kayaba iliyolala chini. Akatembea taratibu mpaka ukingoni, akaweka ufagio kando, akashuka ndani ya msingi, akakaa. Akakunja leso yake vizuri juu ya magoti, kama mtu aliyefika kanisani mapema.

Karis akacheka kidogo. "Shosho, vipi tena? Toka bana, utaumia. Hii kazi iko na ruhusa."

"Hapa hapachimbwi," Susu akasema.

"Lakini si wewe mwenyewe uliweka kidole? Ona." Akachomoa nakala ya fomu iliyokuwa kwenye faili langu, akamwonyesha.

Susu hakujua kusoma, lakini alama ya kidole haihitaji shule. Aliitazama. Akainua kidole gumba chake mwenyewe, kilichopasuka kwa miaka ya kupeta maharagwe, akakitazama nacho. Halafu akanitazama mimi.

Hapa ndipo ninaposimama kila ninapoikumbuka siku ile. Maana bado nilikuwa na nafasi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimeshajikwaa kidole. Ulimi ulikuwa mzima. Ningeweza kusema. Badala yake, mbele ya mafundi sita, nilimwambia mama yule, "Susu, labda umesahau."

Akasema, "Mwalimu, mimi nasahau majina ya wajukuu. Nasahau kama nimetia chumvi. Lakini hapa sijasahau siku hata moja."

Ndipo akaeleza, akiwa amekaa vilevile udongoni. Mumewe alikuwa mpishi wa yule mzungu. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, enzi zile za mkoloni, mji umejaa askari, Mwafrika hatembei bila pasi na jioni hatoki nje kabisa. Alijifungua mtoto wa kike katika chumba kile kile anachoishi mpaka leo. Walimwita Mwende. Aliishi siku nane. Hawakupata pasi ya kumpeleka Ukambani, na kwenda makaburini kulihitaji karatasi ambayo hakuna aliyetaka kuwapa. Mumewe akachimba kando ya kayaba alfajiri, wakamlaza, wakasawazisha ardhi ili mzungu asijue. Hawakuweka jiwe wala msalaba.

"Nilimfagilia tu," akasema, akituonyesha mahali penyewe kwa kidole. "Hicho ndicho nilichoweza."

Karis alivua kofia yake. Jembe lilikuwa limefika hatua mbili kutoka mahali alipotuonyesha. Mafundi walitoka msingini mmoja mmoja bila kuambiwa. Nami, mwanangu, nikaondoka. Sikusema pole. Nilitoka pale nikatembea mpaka Jogoo Road, nikaifuata barabara bila kujua nakwenda wapi, nikarudi, nikapita nyumbani kwangu nikaendelea. Mume wangu alinikuta nimekaa kwenye ngazi za kanisa, viatu vimejaa vumbi. Nikamwambia yote. Hakunikaripia. Alisema, "Kesho nitakupeleka ofisini. Lakini mdomo ni wako."

Bwana Mwakio alinisikiliza bila kuandika. Nilipomaliza nilingoja anifokee, na ingekuwa nafuu. Alifungua faili, akatoa ile idhini, akapiga mstari juu yake. Akasema, "Sisi hapa tunajua umri wa mawe ya nyumba ile. Tunajua nani alichonga milango. Kilicho chini ya uwanja hatukukijua. Tulimtuma mtu mmoja tu akatuulizie, na mtu huyo alikuwa wewe."

Maneno hayo nimeyabeba kuliko adhabu yoyote. Na adhabu zilikuwepo. Kazi ilisimamishwa. Jumapili nilisimama mbele ya kanisa lile lile lililonipigia makofi nikasema kidole kilikuwa changu. Mama mmoja wa shule alitoka nje akilia kwa hasira, kwa kuwa Januari ilikuwa imefika na mwanawe hakuwa na pa kusomea. Watoto waligawanywa, wengine sebuleni kwa mchungaji, wengine kwenye veranda ya Nyumba ya Mawe, mvua ikija wanasogezwa ukutani. Ukuu wa shule nilivuliwa, nikabaki mwalimu wa kawaida chini ya mwenzangu niliyemfundisha kazi.

Kwa Susu nilikwenda siku ya kumi. Safari hii nilikaa kwenye kigoda. Niliomba msamaha vibaya, maneno yakigongana. Aliniacha mpaka nikaishiwa, ndipo akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Sikuwa nimekukatalia. Ungekuja ile Jumatano, ningekuonyesha pa kuchimba."

Akasimama, akachukua fimbo, tukatoka. Tulitembea uwanja mzima, yeye mbele. Hapa pana mfereji wa zamani, usijenge. Hapa udongo ni mweusi, nyumba itapasuka. Hapa, upande wa jua linapochomoza, pako imara, na watoto watapata joto asubuhi. Robo saa, mwanangu. Haikuzidi.

Maombi mapya yalichukua miezi minane. Madarasa yalijengwa pale alipoonyesha, na ofisi ikaandika kwenye idhini kwamba kipande cha kando ya kayaba kisiguswe. Kwenye mstari wa sita Susu aliweka kidole chake mwenyewe, bila haraka, akakipuliza kikauke. Lakini tangu siku ile ya msingini mpaka alipofariki hakuniita Mwalimu tena. Aliniita Wambui. Alinipa maharagwe, alinitania, alilia nami kwenye msiba wa mama yangu, lakini jina la Mwalimu hakulirudisha. Sijui kama alinisamehe. Sikuwahi kuuliza, na hilo nalo linanitoa kwenye kiti.

Basi sikiliza, wewe ambaye ulimwengu wako ni wa kubonyeza tu "nakubali" kwenye simu na kuendelea. Ukienda kuomba idhini ya mtu, nenda ukiwa tayari kusikia hapana, la sivyo hukwenda kuomba. Usimjibie mtu hata kama jibu lake unalijua, kwa maana lile jibu si mali yako. Asiyejua kusoma mwelezee mara mbili. Anayekuchelewesha kwa maswali, mshukuru, huenda anakuzuia usianguke mahali ambapo yeye amesimama miaka arobaini. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla kosa halijapata wa kulisindikiza. Kosa langu la kwanza lilikuwa la wino. La pili, lile la kumwambia mama mwenye uchungu kwamba amesahau, halina sabuni.

Mungu akupe mwendo wa mtu anayejua anakwenda kwa nani. Akupe masikio kabla ya kalamu. Utakapojenga, ujenge mahali ambapo hakuna anayelia chini yako, na mlango wako uwe wa kubishiwa hodi, nawe uwe mtu wa kubisha hodi. Nenda, mwanangu, na usiku wako uwe na usingizi.