Tulifundishwa Kushuka Gari Likipita

Wiki iliyopita nilipanda nyuma ya kinga ya kijana mmoja kule Bujumbura, pale barabara inapoingia mjini ukitokea kwetu kusini, na bidoni langu, dumu la mawese, nimelipakata. Kinga ni baiskeli. Sisi watu wa Rumonge hatujazoea kuiita vingine. Basi polisi akapuliza filimbi: wakubwa wanapita. Kijana hakuuliza wakubwa gani. Akashuka, akanishusha na mimi, akasukuma kinga mpaka ndani ya mtaro, akasimama ameshika usukani, kichwa chini, kama mtu anayengoja kugombezwa. Magari meusi yakapita mbio, vioo vimefungwa, vumbi likatujia lote.

"Mama, fumba macho," akaniambia. "Vumbi hii iko mbaya."

Mimi nilikuwa naangalia ile mikono juu ya usukani. Namna ile ya kusimama naijua. Baba yangu alisimama hivyo hivyo kando ya barabara ya Rumonge, na mimi nikiwa ubavuni pake, tena si mara moja. Tangu siku hiyo ya juzi maneno yamenikaa kooni, acha niyatoe. Shule niliishia mwaka wa tatu, kwa hiyo rafiki yangu usinitafutie mpangilio.

Nyumba yetu ilikuwa Rumonge, mtaa wa Waswahili, michikichi inaanzia nyuma ya choo. Mama alikufa mimi bado mdogo, nikalelewa na Bibi, mama yake Baba, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo zamani za Wabelgiji. Bibi alipika mawese. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zinachemka kwenye pipa tangu asubuhi, halafu zinatwangwa, halafu povu jekundu linaenguliwa polepole kwa kibuyu, na harufu yake inaingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye daftari. Mwalimu alikuwa akishika daftari langu kwa vidole viwili. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto na kufukuza kuku. Mchana tulikula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizokaangwa kwa mawese mapya, na mpaka leo sijala chakula kingine, nimekula vya kushiba tu.

Mji ule haukuwa na kelele. Ulisikia kengele na minyororo. Ukiwa ndani umelala na homa unajua kabisa: huyu ni muuza ndagala, mnyororo wake umelegea, huyu ni katekista, kengele yake imekufa nusu, huyu ni Baba, maana porbagaji yake, ile sehemu ya nyuma ya kuwekea mzigo, aliifunga ubao wa muvule na ulikuwa unalia kama kiti cha mzee. Alibeba bidoni za Bibi mpaka Bujumbura, anatoka majogoo, kesho yake anarudi na chumvi na sabuni. Magari yalikuwa machache, na hayo machache ndiyo yenye barabara. Sheria ilikuwa ya tangu Wabelgiji: gari likija unashuka, unatoka barabarani, unashika kinga yako, unainama. Asiyeshuka alichapwa. Watoto nasi tulifundishwa: ruka mtaroni, fumba macho, ngoja vumbi lishuke.

Siku ya uhuru nilikuwa mgongoni mwa Mama, sikumbuki kitu, lakini Bibi alinisimulia mara nyingi kiasi kwamba ni kama niliona. Alisema kinga zote za Rumonge, za Minago, mpaka za Gatete, zilikutana barabarani zimefungwa makuti ya mchikichi, zikapita katikati. Katikati kabisa! Nyuma yake likaja gari la mkubwa fulani, linapiga honi, na hakuna aliyeshuka. Gari likafuata kinga polepole mpaka sokoni. Bibi alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anashika mbavu. Halafu anaacha kucheka, anasema, "Siku moja hiyo. Kesho yake tulishuka tena."

Baba alikuwa mtu wa utani, ila kinga yake hakuitania. Aliniahidi kwamba nikifika umri wa miaka kumi atanifundisha kuiendesha. Wanawake wa jirani wakamcheka: "Mutoto mwanamuke juu ya kinga? Atazaa nini huyo?"

"Atazaa pedali," akawajibu. "Moja nitawapa nyinyi."

Sasa kuna jambo la plaki, na hili nataka ulishike vizuri. Kila kinga ilikuwa na plaki, kibati chenye namba, na mara moja kwa mwaka inabadilishwa ofisini. Karani wa plaki alikuwa mtu maridadi, kitambaa cheupe mfukoni. Kinga zinapangwa ukutani, yeye anapita anapangusa kila moja kwa kile kitambaa. Kikichafuka, anakurudisha nyumbani, na lazima mwenyewe uje na kinga yako, hutumi mtu. Kwa hiyo siku ya plaki kwetu ilikuwa kama sikukuu. Jana yake watu wote wanasugua. Mimi ndiye niliyekuwa nasugua ya Baba: majivu kwanza, maji, halafu kitambaa chenye mawese kidogo, mpaka rimu zinakuonyesha meno yako.

Muuza ndagala akipita alikuwa anatuchokoza: "Wee mwana wa mawese! Kinga yako inang'aa kuliko mke niliyeoa!"

"Na yako inanuka kuliko aliyekuoa," Baba anajibu.

Bibi peke yake hakupenda. Alikuwa akisema, "Kitu cha maskini kikae na vumbi lake." Tulidhani ni uzee unaongea.

Mwaka wa sabini na mbili nilikuwa nimetimiza kumi. Sitakusimulia vita, wengine waliosoma wameshafanya. Nitakuambia nilichoona. Kwanza walikuja watu wenye mapanga, wakaua majirani zetu wasio na kosa lolote, mama na watoto, mchana kweupe. Hao nawataja wa kwanza, maana wako wanaotaka wasahaulike. Halafu walikuja askari. Wenye mapanga walikuwa wameshakimbia, kwa hiyo askari hawakuwatafuta wao. Walimtafuta mtu mwenye kitu: mwenye redio, mwenye kalamu, mwenye kinga. Na mtaa wetu ulisemwa ni mtaa wa Wakongo, ndio ulioleta maneno ya uasi.

Watu wakaanza kuvuka ziwa. Bibi akapata mwenye mtumbwi, ndugu wa mbali, wa kutupeleka Kigoma. Mwenye mtumbwi akasema anachukua watu watatu, kinga hapana. Mtumbwi ni mdogo. Baba akakataa.

"Mama, nikifika kule bila kinga nitakuwa nani? Nitakula mikono yangu?"

"Utakuwa mzima," Bibi akasema. "Hiyo ndiyo kazi ya kwanza."

Wakabishana siku nzima, na jioni ile akaja karani wa plaki. Alikaa kwenye kiti chetu, akanywa chai yetu. Bibi alikuwa akimpa mawese kila mwezi bila yeye kuomba. Karani akasema wenye kinga wote waje ofisini kesho asubuhi, kuna plaki mpya. Mwenye plaki mpya atapita kwenye bariyeri zote, vizuizi vya askari, bila kuulizwa. Asiyekuwa nayo atahesabiwa mwasi.

Karani alipotoka, Baba alikuwa mtu mwingine, uso umefunguka. Mpango wake ulikuwa huu: asubuhi anachukua plaki, mimi namngoja njiani na kifurushi, ananipakia nyuma, tunashika barabara ya kusini mpaka Kabonga, tunavuka mpaka kwa magurudumu yetu kama watu. Bibi atapita ziwani, tutamkuta kule. "Na huko Kigoma," akaniambia, "barabara pana. Nitakufundisha wiki ya kwanza."

Unajua nilifanya nini? Nilisugua. Nilisugua kuliko miaka yote, spoku moja moja. Nilitaka kile kitambaa cheupe kisipate hata alama, Baba asirudishwe, tusichelewe. Bibi alikaa mlangoni ananitazama. Mara moja tu akasema, "Acha, mutoto, acha na vumbi lake." Sikuacha.

Asubuhi Baba akaondoka anapiga kengele. Mimi nikachukua kifurushi na mihogo ya kuchemsha, nikaenda kungoja pale barabara inapopinda, mbele ya ofisi. Kwa mbali niliziona kinga zimeegemea ukuta, mstari mrefu, zote safi, jua linazipiga mpaka unaumia macho. Nikatafuta ya Baba, nikaijua kwa ubao wa muvule. Nilijisifu. Nilisema moyoni, hakuna inayoishinda. Wenye kinga sikuwaona, nikadhani wako ndani wanapewa plaki.

Halafu nikasikia kamyo, lile lori kubwa, inakuja. Na mimi nikafanya nilivyofundishwa na Baba mwenyewe. Niliruka mtaroni, nikainama, nikafumba macho, nikangoja vumbi lishuke. Kamyo ikapita barabarani juu yangu kwa kishindo. Ndani ya kile kishindo nilisikia kama mtu ameita jina langu, mara moja. Nilipofumbua macho vumbi lilikuwa limefunika kila kitu, na nyuma ya vumbi kamyo imeshapinda.

Niliendelea kungoja. Jua lilinikuta utosini bado nimekaa na mihogo yangu. Nilikuja kuambiwa baadaye: muuza ndagala alikuwa mle kwenye kamyo, katekista alikuwa mle, wote wenye minyororo niliyoijua. Mwanamke mmoja mwenye kuuza ndizi ndiye aliyenishika mkono akanirudisha kwa Bibi. Hakuna aliyerudi. Hakuna kaburi nililoonyeshwa.

Kesho yake mimi na Bibi tulishuka kwenda kwenye mtumbwi, na barabarani nikausikia ule ubao unalia. Nikapiga kelele "Baba!" Alikuwa karani wa plaki. Amepanda kinga ya Baba, suruali imebanwa vizuri, kitambaa cheupe mfukoni. Alituona. Hakushuka, hakukimbia, alipiga kengele tumpishe. Bibi akatema mate, tukapisha.

Basi nawataja. Karani, aliyekunywa chai yetu. Dereva wa ile kamyo, mtu wa hapa hapa, aliyerudi baada ya siku chache akinunua mawese kwa watu aliowapakia baba zao. Mkubwa wa ofisi, aliyetoa amri na baadaye akapandishwa cheo. Majina yao ninayo, na watoto wao wananijua. Karani alizeeka vizuri; aliacha kinga, akapata gari, na wanawe sasa wana magari yenye vioo vyeusi. Siwalaumu watoto. Ila wakipiga honi nyuma yangu, nachoka mwili mzima.

Kigoma nilikaa miaka mingi, Bibi akafia kule, nikarudi mtu mzima. Kengele sizisikii tena. Rumonge ni honi, ni pikipiki, ni makamyo, na Bujumbura ndiyo usiseme: barabara imepanuliwa kwa gari, na kinga imeachiwa mtaro. Vijana wanaobeba ndizi na mawese wananing'inia nyuma ya makamyo wapate kupanda mlima, wanakufa kama inzi, na polisi anaandika kwamba kosa ni lao. Kinga haijawahi kuua mtu ninayemjua. Lakini anayeshuka ni yeye, mpaka leo. Sijui hayo magari yana haraka ya kwenda wapi.

Mimi kuendesha sikujifunza. Kinga ya mtu siisugui. Juzi pale mtaroni bidoni langu lilivuja, mawese yakamwagikia rimu za yule kijana, akanipa kitambaa. "Mama, nisaidie kupangusa, imechafuka."

"Iache, mwanangu," nikamwambia. "Ikae hivyo."

Akanishangaa, lakini hakupata nafasi ya kubishana, maana nyuma ya magari meusi kulikuwa na kamyo ya mwisho, imejaa askari na watu wengine wamekaa chini ambao sikujua ni akina nani. Akainamisha kichwa tena. "Fumba macho, Mama!"

Sikufumba. Huwa sifumbi. Vumbi liliingia lote, machozi yalitoka, na nikaangalia uso mmoja mmoja mpaka kamyo ikapinda.