Kinyozi na Glavu ya Mayai

Shemeji yangu ni kinyozi. Mtaani wanamwita Pamba, kwa jinsi wembe wake ulivyokuwa ukipita shavuni bila mtu kushtuka. Kisha ugonjwa wa Parkinson ukamshika mkono wa kulia. Vidole vikawa vizito, vikitetemeka hata akivilaza mapajani. Wateja wakahama mmoja mmoja, kwa adabu, kila mtu na kisingizio chake. Waoga wakubwa.

Kliniki wakamwazima glavu yenye nyaya, inayounganishwa na simu. Kwenye simu kuna mchezo: mayai yanaanguka, naye akunje na kukunjua vidole ili kikapu kiyadake. Yai likidakwa, kengele inalia. "Mtu mzima na ndevu zangu nicheze mayai," alinung'unika, lakini akaivaa. Jioni baada ya jioni mayai yalipasuka, mpaka akaivua akaitupa uvunguni mwa kitanda. Matokeo yalikwenda moja kwa moja kliniki, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa huko alishasema wazi kwamba asiyefanya mazoezi atanyang'anywa glavu apewe mwingine.

Dada yangu, mkewe, hilo lilimtia hofu. Mchana mumewe akilala, akawa anaivaa yeye na kudaka mayai huku sufuria ikichemka jikoni. Alidhani anamshikia nafasi tu, kama mtu anavyomshikia mwenzake foleni. Asichojua ni kwamba mchezo ule huzidi ugumu kadiri unavyofaulu. Pamba alipoivaa tena, mayai yalimiminika hata hakujua aanze na lipi. Mtaalamu akampigia kumpongeza: mayai yameongezeka kwa sababu umepanda daraja, mkono unarudi.

"Usimwambie, kaka," dada aliniomba baada ya kunieleza alichofanya. "Tangu asikie hivyo anakula, anataniana na watu. Naanzia wapi sasa?"

Nilimfokea. Hata mimi sikujua pa kuanzia.

Jumamosi asubuhi Pamba akaniita dukani kwake. Alikuwa amefagia, amefuta kioo, ametundika taulo safi. "Kaa, shemeji. Leo nafungua na wewe. Hizo ndevu zako zinatia aibu ukoo mzima."

Nilitaka kukataa, nikashindwa. Nikakaa. Dada alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Pamba akanipaka povu kwa mkono wa kushoto, taratibu, akainua wembe kwa ule wa kulia. Kwenye kioo niliuona ukitetemeka karibu na koo langu. Nikafumba macho. Niliogopa kukatwa na niliogopa kumvunja moyo, na sijui hofu ipi ilizidi.

Wembe haukunigusa. Nilipofumbua macho, alikuwa amegeukia mlangoni, akimnyooshea mkewe mpini.

"Njoo umnyoe wewe, mke wangu," alisema, bila hasira. "Kengele za mchana nilikuwa nazisikia. Nilitaka tu kuamini naota."

Dada hakusogea. Povu likanikaukia usoni, wembe ukitetemeka kati yao.