Nyayo Zisizo na Kisigino

Kwetu Kisesa mtu mzima hakimbii bure. Ukikimbia, ama unafukuza au unafukuzwa. Mtu pekee aliyekuwa anakimbia barabarani kabla jua halijatoka, hafukuzi wala hafukuzwi, alikuwa Shimba Masalu, na watu walimzoea tu. Shimba kwa Kisukuma ni simba. "Simba gani anakimbia watu?" walimtania akipita. Yeye anacheka, anapotelea upande wa Bujora.

Alikuwa bingwa kweli, si bingwa wa maneno. Alianza kuwashinda wakubwa akiwa bado shule ya msingi, kwenye michezo ya tarafa. Baada ya darasa la saba akachukua wilaya nzima ya Magu, halafu mkoa, mita elfu moja na mia tano, tena peku. Zamani kijana kama huyo shirika la umma lilikuwa linamdaka palepale. Unapewa kazi ya jina tu, getini au stoo, unakula mshahara, unakimbia. Mwalimu wake wa mbio, Seif, fundi cherehani wa Pasiansi, aliishi hivyo kwenye timu ya kiwanda kimoja mpaka kiwanda kikauzwa. Mwenye mali mpya akauliza, "Hawa wanaokimbia wanazalisha nini?" Seif akarudi kwenye cherehani.

Kwa hiyo Shimba aliukuta ubingwa wakati milango imefungwa. Mmoja tu ulibaki wazi. Jeshi lilikuwa linakuja Mwanza kuangalia vijana Jumamosi moja pale uwanja wa Kirumba, na katika kila mbio litachukua wawili. Wawili basi. Shimba alikuwa amefikisha miaka ishirini na moja, baba yake amekufa, mama yake Tereza analima pamba ambayo ushirika umeshindwa kulipa. Ukimuuliza kuhusu Jumamosi hiyo anabadilisha mazungumzo. Hapo ndipo unajua mtu ana hofu.

Mimi Obedi, niliyeacha shule kidato cha pili, nilikuwa na banda la kutengeneza baiskeli pale senta, na kila wiki nasema naenda Geita kwenye dhahabu, siendi. Alfajiri nilikuwa natangulia na baiskeli, Shimba ananifukuza nyuma. Ndiyo yalikuwa mazoezi.

Wiki chache kabla ya mashindano, Seif alichambua marobota ya mitumba akaibuka na viatu vya misumari, vya kijani, pea moja. Vilikuwa vikubwa kidogo, akajaza vitambaa mbele kwenye vidole. Shimba alipovivaa alikuwa kama mtu aliyeongezewa spring. Mchangani viliacha alama ya ajabu. Vitundu vidogo vya misumari, nusu ya mbele ya mguu, basi. Kisigino hakuna. Tulicheka sana siku ya kwanza.

Halafu ng'ombe wakaibiwa upande wa Bujora.

Kwetu wizi ukitokea hatuanzi na polisi. Unapigwa mwano, ule ukelele unaopokelewa nyumba hadi nyumba, na kila mwanamume anatoka na upinde na firimbi kukimbilia unakotokea. Hao ndio sungusungu. Wanaojua kusoma nyayo wanatangulia. Asubuhi ile waliotangulia walikuta, juu ya alama za kwato za ng'ombe walioibiwa, vile vitundu vyetu. Wakavifuata polepole, wameinama, mpaka uani kwa mama Tereza.

Alhamisi baraza likakaa. Mtemi wa sungusungu wa kwetu alikuwa Mzee Ngosha, mtu mwembamba, hapandishi sauti. Viatu vya kijani viliwekwa chini mbele yake kama nyoka aliyeuawa.

"Hivi ni nini?"

"Shikamoo Mtemi," Shimba akasema. "Ni viatu."

"Marahaba. Viatu vya nini?"

"Vya kukimbilia."

"Miguu ya kukimbilia huna?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Kisigino chako kiko wapi kwenye njia hii, baba?"

"Hakishuki, Mtemi. Ukikimbia kwa kasi hakigusi chini."

"Mimi nimesoma nyayo tangu sijaoa. Nimeona mwizi anayetembea kinyumenyume. Nimeona aliyejifunga kwato za ng'ombe miguuni. Asiye na kisigino, wewe ndiye wa kwanza."

Nikashindwa kuvumilia, nikasimama. "Mtemi, asubuhi ile nilikuwa naye mimi. Ng'ombe walikuwa wameshapita, sisi tukapita juu."

"Na tairi lako tumeliona. Kaa chini kabla hatujakuongeza."

Nikakaa.

Hukumu ikatoka. Mpaka ng'ombe wapatikane, Shimba asitoke kijijini. Akitoka, nyumba yao inatengwa. Asiyekujua kutengwa anaweza kuona ni jambo dogo. Ni hivi: hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukupa moto, ukienda kisimani wenzako wanabeba ndoo wanaondoka. Ukifiwa, unachimba kaburi mwenyewe. Mama Tereza alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja.

"Keshokutwa nina mashindano, Mtemi," Shimba akasema. "Viatu bakini navyo. Nitakimbia peku. Nipeni mlinzi, twende naye, turudi naye."

"Na ukimtoroka mlinzi? Nani hapa atakukamata? Si wewe ndiye bingwa?"

Safari hii hakuna aliyecheka, maana lilikuwa swali la kweli.

Mama Tereza alikuwa amekaa chini na wanawake, miguu ameinyoosha. Akainuka. "Mtemi, mimi nitakaa hapa mbele yako siku nzima. Asiporudi, nitengeni mimi."

"Mayu, acha," Shimba akamwambia mama yake.

"Nyamaza. Nazungumza na wakubwa."

Mzee Ngosha akaitikia kwa kichwa. "Haya. Jumamosi, ng'ombe wangu wakimaliza kuingia zizini, awe amesimama hapa. Yeye mwenyewe, si salamu zake."

Mlinzi aliyepewa alikuwa Chenge, rika letu, mtu wa maneno mengi, anayelala na firimbi shingoni. Jumamosi asubuhi tulidandia lori la viazi, baiskeli yangu juu ya magunia. Chenge akawa anaeleza kila abiria: "Huyu ni mfungwa wangu. Msimpe kitu bila kuniuliza." Kirumba tukashuka.

Seif alitupokea getini, akaangalia miguu ya Shimba, akamwangalia Chenge na upinde wake. Tukamweleza.

"Bwana we," akasema. "Basi sikiliza. Usiongoze. Kaa mgongoni kwa yule Nathaniel wa mjini mpaka kengele ya raundi ya mwisho. Ukitangulia mapema watakumaliza."

Mbio zilianza saa nane, jua kali. Nathaniel alikuwa mrefu, ana viatu vipya, anakimbia kama mtu anayejua atashinda. Shimba alikaa wa tatu. Raundi ya kwanza wa tatu, ya pili wa tatu. Mimi na Chenge tulikuwa tumeshika wavu. Kengele ikalia, Nathaniel akaondoka, na Shimba akabaki. Nikaona pengo linafunguka.

"Anaachwa!" Chenge akapiga kelele. "Obedi, anaachwa!" Na kabla sijamzuia, akapuliza firimbi. Ile ndefu ya sungusungu, inayosema kimbieni huku.

Waliokuwa mbele wakageuka, wakapunguza. Mjini firimbi ni ya refa, firimbi ni simama. Lakini Shimba ameisikia ile tangu utotoni. Mwili wake haukumwuliza. Aliruka kama aliyeunguzwa, akawapita wote, akamaliza peke yake.

Nikafurahi kwa muda mfupi sana. Nathaniel alikuwa tayari yuko mbele ya waamuzi. "Firimbi imepulizwa! Tumesimamishwa!" Waamuzi wakakusanyika, wakabishana. Ofisa wa jeshi, mtu mnene kidogo mwenye kofia, akasikiliza, akaamua maneno mafupi:

"Zinarudiwa mwisho wa ratiba. Anayetaka jeshi awepo kwenye mstari. Asiyetaka aende nyumbani."

Mwisho wa ratiba ni baada ya kuruka, kurusha na mbio za vijiti. Jua linaelekea ziwani. Kutoka Kirumba mpaka Kisesa ni safari, na jioni malori yanatoka huko kuja mjini, hayaendi.

Shimba alikaa chini kwenye nyasi. "Turudi," akasema. "Nimeshasema turudi. Mama yangu amekaa pale."

Seif akamshika bega. "Mwanangu, mimi sikuambii ubaki. Sikuambii uende."

Chenge akasogea. Akaivua firimbi shingoni, akamtupia Seif. "Kaa nayo hiyo, mzee, kabla sijaua mtu." Akamgeukia Shimba. "Wewe kimbia. Mlinzi anayerudi bila mfungwa anakaa mahali pa mfungwa. Ndivyo ilivyo toka zamani. Nitakwenda kukaa. Mama yako nitamnunulia muda, sijui kiasi gani. Lakini uje, Shimba. Uje na miguu yako yote miwili."

"Nikishindwa je?"

"Ukishindwa uje. Ukishinda uje. Mimi sitaki kuchimba makaburi peke yangu."

Ndiyo maana mbio za pili sikuziona. Mbio zilizoamua maisha ya mtu niliyemtangulia kila alfajiri, mimi nilikuwa nimempa mgongo, napandisha mlima wa Igoma na Chenge nyuma kwenye keria, mzito kama gunia la dengu, kila dakika anauliza, "Unadhani wameshaanza?"

Tulifika ng'ombe wa kwanza wakiwa barabarani. Mama Tereza alikuwa palepale. Alituona wawili, akatafuta wa tatu nyuma yetu, kisha akaangalia chini.

Chenge akaenda moja kwa moja akakaa mavumbini mbele ya Mtemi. Akaeleza firimbi, akaeleza kurudiwa.

"Umemwacha na nani?" Mzee Ngosha akauliza.

"Na miguu yake, Mtemi."

"Mm." Akaweka mkongojo magotini. "Umekaa mahali pake, sawa. Wewe utalipa faini yako. Lakini neno la mama huyu halilipwi na wewe. Tusubiri ng'ombe."

Ng'ombe wakaanza kupita. Wa jirani, wa kanisani, wa yule mwenye mashine ya kusaga. Vumbi jekundu, kengele, watoto wanapiga miluzi. Wanawake waliokuwa wamekaa karibu na mama Tereza walianza kusogea kidogo kidogo, kila mmoja akijifanya ananyoosha mguu. Nilitamani kuwapiga. Hawakuwa na ubaya, walikuwa wanazoea mapema.

Ng'ombe wa Mtemi huwa wa mwisho. Fahali wake alipoinama kuingia zizini, ndipo mwano ukapigwa upande wa barabara kuu.

Mtu ameonekana anakimbia anatoka mjini. Giza linaanza, wiki yenyewe ni ya wizi, mtu anakimbia. Watu wote wakaruka na pinde. Mimi nikakimbia nao bila kupumua, napiga kelele, "Ni Shimba! Msipige!" nani anasikia? Mwano ukishapigwa kila mtu ana kelele yake.

Nikamwona. Mbali, mwekundu wa vumbi, namba ya karatasi inapepea kifuani. Akisimama amechelewa. Akiendelea kukimbia namna ile, mshale unamngoja. Mbele yangu wawili walikuwa wamevuta kamba. Na yeye akafanya kitu kimoja ambacho mgeni asingekijua. Aliyeibiwa, kama jirani yake, huukimbilia mwano, na akiukimbilia huupokea. Mwizi huukimbia. Shimba akainua kichwa, na kwa sauti iliyokwisha, sauti kama ya jogoo mgonjwa, akaupokea mwano, huku anakuja kwetu mzimamzima.

Pinde zikashuka. Akapita katikati yetu. Hakutuangalia.

Alisimama mbele ya Mtemi wakati ndama wa mwisho bado anasukumwa mlangoni. Halafu akakaa chini mavumbini.

"Wa ngapi?" Chenge akauliza kutoka chini alikokaa.

Shimba alikuwa bado anahema. Akainua vidole viwili.

"Wa pili!" Chenge akapiga kelele. "Si wanachukua wawili? Obedi, si wawili?"

Nikasema wawili. Nikarudia mara nyingi kama mjinga.

Mama Tereza alileta maji kwenye kibuyu. "Kidogo kidogo," Mzee Ngosha akamwambia, "usimwue sasa." Akasubiri Shimba anywe. Kisha akasema, si kwa Shimba, kwa watu: "Nimeona wezi wakikimbia kila namna. Anayekimbilia kesi yake mwenyewe sijamwona." Akavisogeza viatu kwa ncha ya mkongojo. "Chukua. Chenge, faini mbuzi mmoja. Ataliwa siku ya kumsindikiza huyu."

Jumapili asubuhi Mtemi alikuja peke yake uani kwa mama Tereza. "Vaa," akasema, "pita hapa kwa kasi yako." Shimba, miguu imevimba, akavaa akapita. Mzee akapiga magoti, akaweka kidole kwenye vitundu, akapima nafasi kutoka hatua hadi hatua. Akatafuta kisigino. Akainuka. "Kumbe," akasema, akaondoka.

Ng'ombe walipatikana baadaye kabisa, na mwizi alikuwa amevaa makatambuga ya matairi, kama sisi sote. Shimba wakati huo alikuwa ameshapanda treni, na sasa anakimbia kwenye timu ya jeshi. Mimi bado nasema naenda Geita.

Nilipita pale kwao siku chache baada ya treni. Mama Tereza alikuwa anafagia ua. Alifagia kuanzia mlangoni mpaka kwenye boma, vizuri, kama kawaida yake, ila pale zilipopita zile nyayo zisizo na kisigino alizunguka na ufagio, akaziacha.