Jirani Yangu na Mwamba wa Mbuzi

Jirani yangu hapa kisiwani Mfangano huvua viatu kabla hajaufikia mwamba, akaviacha vimeelekea nyumbani. Mbuzi wetu hupanda kule juu kutafuta majani wakashindwa kushuka, naye ndiye hutufundisha sisi tulioolewa kutoka mbali namna ya kuwafuata. Kwanza hulipiga jiwe kofi, kama mtu anayechagua tikiti maji. Likitoa sauti ya utupu, halikanyagi. "Nyar Migori," aliniambia siku ya kwanza, yaani binti wa Migori, maana huko ndiko kwetu, "mikono ni ya kushikilia tu. Miguu ndiyo inakubeba. Toa tumbo kwa mawe, uone mahali unakanyaga." Na aliye mwambani haitwi jina kamwe, maana akiitwa atageuka.

Mwaka ule magugu ya majini yalipofunga ziwa, binti yake Joyline alikwama katikati ya mwamba, shavu limegandamana na jiwe. Jirani yangu hakuita. Alikaa chini, akaanza habari za kuku wake aliyetaga ndani ya sufuria, polepole, kama tuko jikoni. "Mguu wa kushoto, shusha kidogo. Hapo. Sasa huyo kuku, nikimfukuza ananiangalia tu. Wa kulia nao."

Joyline alifika chini, akaenda zake kunywa maji. Ndipo mama yake akaninyooshea pindo la leso yake. Alikuwa amelifunga mafundo huku akisimulia, moja juu ya jingine, yamekaza kama jiwe.

"Nifungulie," akasema kwa sauti ileile. "Vidole vimekataa."